Tulivyojifunza Kubishana Siasa Bila ya Kususiana

Jamaa kadhaa wa Unguja na Pemba wenye nyumba mchanganyiko kama yangu, nusu chama hiki na nusu kile, wameniuliza tulifanyaje mpaka kaka yangu na baba mkwe wangu wakaweza kukaa kitako wakazungumza siasa na kila mmoja akenda kulala bila ya kinyongo. Nimekuwa nikijibu kwa mkato kwa sababu jibu lake ni refu. Leo naliandika lote, na gharama zake, kwani kila miaka mitano zipo nyumba hapa kwetu zinazovunjika bure.

Mimi ni mwalimu wa skuli, Mpemba wa Wete. Kwetu tulikuwa CUF tangu vyama vingi viliporudi 1992, na kiongozi wetu Maalim Seif Sharif Hamad alipohamia ACT-Wazalendo mwaka 2019 tukahama naye, kama Wapemba wengi. Mume wangu ni wa Dole, mashamba ya Unguja, na kwao ni CCM tangu ilipokuwa Afro-Shirazi. Tulioana 2011. Miaka michache kabla ya hapo posa ile isingepokelewa. Wa umri wangu wanaikumbuka Pemba ya baada ya uchaguzi wa 1995, pale Dk. Salmin Amour wa CCM alipotangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 na Maalim Seif akapewa 49.8. Watu walisusiana. Duka la wa chama kile halinunuliwi, gari yake haipandwi, arusi yake haiendewi, maiti yake haizikwi. Wake walipewa talaka kwa sababu ya kadi za baba zao. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, iliyopitisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ya kugawana madaraka baina ya CCM na CUF, kwa asilimia 66.4, ndiyo iliyotufungulia mlango sisi wawili.

Tulikaa vizuri hadi Oktoba 2015. Tarehe 25 watu walipiga kura, na tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akatangaza kuwa uchaguzi umefutwa. Ukapangwa wa marudio, 20 Machi 2016, na CUF wakaususia. Baina ya tarehe hizo baba yangu alifariki. Kaka aliniambia kwa simu: "Wewe njoo. Mumeo asije." Mume wangu alikuwa keshakata tiketi. Alinisindikiza hadi bandarini Malindi, amevaa kanzu yake nyeupe, mkononi kachukua boksi la tende na bahasha ya mchango wa hitima. Aliponikabidhi hakusema neno ila "nisalimie," akageuka. Nililia njia nzima mpaka Pemba, na sikujua nalia kifo cha baba au kitu kingine.

Upande wa Dole nao haukuwa na kheri zaidi. Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia zilirushwa kejeli juu ya Wapemba huku wanajua mimi nimo. Nilipouliza zina faida gani, wifi yangu mmoja alinitoa. Mpaka leo hajanirudisha, na tukikutana shughulini anatazama pembeni. Hiyo ni gharama moja ambayo sijaweza kuilipa.

Basi tukakaa hivyo miaka mitano. Aliyevunja ukimya ni baba mkwe. Maalim Seif alipofariki, 17 Februari 2021, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais, mzee yule wa Afro aliomba namba ya kaka akampigia simu kumpa taazia. Hakuzungumza siasa hata neno moja. Alisema, "Mwanangu, najua mtu huyu alikuwa nani kwenu. Mungu amrehemu." Kaka alinisimulia baadaye kuwa alikaa na simu mkononi hajui aijibu vipi heshima ile. Karafuu zilipoanza kuchumwa mwaka huo, alimwalika Pemba.

Na hapa nataka msomaji anifahamu vizuri: maelewano yote yaliyofuata yalijengwa juu ya taazia ile. Ukiwa na jamaa mliyekatana naye kwa siasa, usimwendee na hoja. Mwendee akiwa na msiba, mgonjwa au mtoto aliyezaliwa.

Sasa kule Wete. Wanaotoka mahali pa karafuu wanajua kwamba zikishachumwa, jioni watu hukaa jamvini kuzichambua, karafuu huku na makonyo kule. Kazi yenyewe haina haraka, mikono inakwenda, macho yako chini. Tuligundua kwamba hapo ndipo pa kuzungumza jambo zito. Barazani mtu anatazamwa, ana wasikilizaji, na kila anachosema anakisemea chama chake. Jamvini hakuna wa kumpigia makofi, na akitaka kunyamaza ana kazi ya kujificha nyuma yake. Wanawake nao tumo, na hilo lilisaidia sana, maana aliyetuongoza ni shangazi yetu mkubwa, mwanamke ambaye hakuna anayejua anampigia nani kura.

Usiku wa mwanzo kaka alieleza Januari 2001. Alikuwa kijana. Siku ya maandamano ya CUF ya kupinga uchaguzi wa 2000 watu waliuawa Pemba na Unguja, na waliokimbilia Shimoni, Kenya, walipindukia 2,000. Yeye ni mmoja wao, alivuka kwa mashua usiku. Alieleza nani walikuwa chomboni na nani hakurudi. Baba mkwe alisikiliza, halafu akaanza, "Lakini na nyinyi..." Shangazi akamkatiza kwa upole: "Mzee, mtu akikueleza msiba, jibu lake ni pole. Hoja kesho." Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Pole, mwanangu."

Usiku wa pili ilikuwa zamu yake. Baba yake alikuwa skwota kwenye shamba la watu, akilima muhogo chini ya mikarafuu ya tajiri. Mwishoni mwa miaka ya 1950, siasa zilipopamba moto, maskwota wengi walifukuzwa kwa kuwa wafuasi wa Afro-Shirazi, na wao walikuwamo. Mzee alikumbuka mama yake aking'oa mihogo ambayo haijakomaa ili asiiache. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilipogawa ardhi, baba yake alipewa eka tatu, na ndizo hizo za Dole anazoishi hadi leo. Kaka yangu alikuwa na miaka zaidi ya arobaini na hajawahi kukisikia kisa hiki kutoka kinywani mwa aliyekiona. Kwake Mapinduzi yalikuwa damu tu. Kwa mzee yalikuwa eka tatu. Akasema pole na yeye.

Katika yote tuliyojifunza, hili ndilo ninalolishikilia zaidi. Mengi tunayoyaita mabishano ya siasa Zanzibar ni misiba isiyopewa taazia. Mtu anakuletea maiti wake, nawe unamjibu kwa takwimu. Kuna swali moja jepesi la kupimia: muulize mwenzio, "Ungeona nini ndipo ungebadilisha rai yako?" Akiwa na jibu, mna mjadala. Akisema hakuna kitu chochote duniani, basi kwa usiku huo muacheni, mpeni kahawa, msikilizeni.

Hoja zilianza siku ya tatu, na shangazi aliwachagulia waanze na swali ambalo karatasi inaweza kulijibu. Baba mkwe siku zote husema Afro walishinda uchaguzi wa Julai 1963 wakadhulumiwa. Kaka siku zote husema Hizbu (ZNP) na ZPPP, vyama viwili vilivyoungana dhidi ya Afro, walishinda kihalali. Kila mmoja alimhesabu mwenziwe muongo. Basi nikawasomea hesabu. Viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi walipata 13, Hizbu 12, ZPPP 6, na wale wawili walioungana wakafanya serikali kwa viti 18. Lakini kura za nchi nzima, Afro-Shirazi walipata zaidi ya asilimia 54. Yaani waliopata kura nyingi walikosa viti, kwa sababu kura zao nyingi zilirundikana kwenye majimbo machache waliyoshinda kwa mbali.

Wote wawili waliacha kuchambua. Mzee hakujua hesabu ya viti ilikuwa wazi kiasi hicho, na kaka hakuwahi kuambiwa hesabu ya kura. Kila mmoja alikuwa amerithi nusu ya kweli kutoka kwa babake. Hesabu hizo hazikumaliza ubishi wa kilichofuata Januari 1964, na wala haikuwa kazi yake. Kilichotoka ni kwamba tangu usiku ule hakuna aliyemwita mwenziwe muongo. Ukitaka kuanza mjadala nyumbani kwako, tafuta jambo la namna hiyo, la zamani kidogo, lenye hesabu inayojulikana, ambalo kila upande una kipande chake.

Kisha tukaweka sharti. Kabla ya kumjibu mwenzio, eleza hoja yake wewe, kwa maneno yako, mpaka mwenyewe aseme, "Hapo umenifahamu." Ni kazi ngumu. Usiku mmoja mzima ulikwisha kaka akijaribu kueleza kwa nini mzee anataka serikali mbili, yaani ya Muungano na ya Zanzibar bila ya ya tatu ya Tanganyika, na kila mara mzee anatikisa kichwa, "Siyo." Kaka alikuwa akisema, "Unaogopa." Mzee akasema, "Siogopi. Nakumbuka." Mpaka kaka alipoweza kueleza kwamba kwa watu waliotolewa shambani, Muungano ni ngao dhidi ya kurudi kwa enzi ile, ndipo mzee akaridhika. Kaka hakukubaliana naye. Lakini hoja aliyoijibu baada ya hapo ilikuwa hoja ya mzee kweli, si ile iliyozoeleka kupigwa vijembe barazani.

Mwaka 2015 tuliuacha hadi msimu mwengine, na nashukuru tulisubiri. Hapo tulitumia kile masheikh wetu wanachokiita insafu: kipimo unachompimia mwenzio ujipimie nawe. Hoja ya kaka ilikuwa nzito. Siku ile ile, watu wale wale, katika vituo vile vile, walipiga kura ya Rais wa Muungano, na hiyo haikufutwa. Vipi sanduku moja liwe halali na la pili liwe haramu? Hoja ya mzee nayo haikuwa nyepesi. Maalim Seif alijitokeza mbele ya waandishi tarehe 26 akasema ameshinda, Tume haijamaliza kutangaza. Shangazi akawageuzia. Akamuuliza mzee: ingekuwa mgombea wa CCM ndiye anaongoza kwa hesabu za mawakala wake, na mwenyekiti akafuta, ungesema sheria imefuatwa? Akamuuliza kaka: ingekuwa mgombea wa CCM ndiye aliyejitangaza kabla ya Tume, ungesema ni haki yake?

Mzee alichelewa kujibu. Akasema, "Ningeingia barabarani." Kaka akasema angekuita mapinduzi. Hawakufika kwenye hukumu moja; kaka bado anaamini Maalim Seif alidhulumiwa, na mimi nakubaliana naye, nalisema hili waziwazi ili asije mtu akadhani nimesimama katikati. Lakini mzee alikiri kwamba kosa la kujitangaza halitibiwi kwa kufuta kura za nchi nzima, na kaka alikiri kwamba kujitangaza kuliupa upande wa pili kisingizio. Kwa watu waliozuia hitima isihudhuriwe, hayo ni makubwa. Msimu ule ule kaka alimpigia simu mume wangu kumtaka radhi kwa lile la baba. Walizungumza kwa muda, nami nilitoka nje nikawaachia.

Jambo lililotushangaza kuliko yote ni Muungano. Wazanzibari tunabishana serikali mbili au tatu tangu kabla ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba, iliyopendekeza tatu, na Bunge Maalumu la Katiba la 2014 likazirudisha mbili. Ni swali linalogawa watu pande mbili palepale. Nikafikiri, tulikate vipande. Mambo ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa na serikali ya Muungano kwa nchi nzima, yalikuwa 11 katika Hati za Muungano za 1964, na sasa orodha iliyo katika Katiba imefika 22. Nikayaandika kila moja kwenye kijikaratasi, nikaweka masinia matatu jamvini: yabaki kwenye Muungano, yarudi Zanzibar, na sijui. Kila mmoja achukue vijikaratasi vyake aviweke peke yake, bila ya kutazama vya mwenziwe.

Ulinzi, uraia na Mahakama ya Rufani wote waliviacha kwenye Muungano. Mafuta na gesi asilia wote walivirudisha Zanzibar. Na biashara ya nje, baba mkwe, mwana CCM wa serikali mbili wa kufa na kupona, aliirudisha Zanzibar bila ya kusita: "Karafuu zangu, kwa nini nizungumziwe?" Waligongana kweli kwenye Polisi, kodi ya mapato na uandikishaji wa vyama vya siasa. Lakini sinia lililojaa kuliko yote lilikuwa la "sijui". Leseni za viwanda, utafiti: watu wawili waliopiga kelele juu ya Muungano maisha yao yote waligundua hawajui mambo hayo yanakwendaje. Na walisema hivyo, mbele ya watoto wao. Kwangu mimi huo ndio ushujaa. Nawausia walio na familia zilizogawanyika wajaribu zoezi hili kabla ya jengine lolote. Halihitaji ila karatasi, mkasi na masinia.

Kuhusu simu, niseme kwa ufupi. Kundi jipya la familia tuliloanzisha lina sharti: sauti au video ya siasa hairushwi mpaka mrushaji aseme nani karekodi, wapi na lini. Asiyejua hatukanwi, anaifuta tu. Vitu vilivyokuwa vikitufikia vimepungua sana, maana vingi vilikuwa vya zamani vikirushwa kama vya jana. Na ubishi mzito hauandikwi, unasubiri mpaka watu wakutane. Maandishi hayana sauti ya mtu wala uso wake.

Msinione nasema tulifaulu kwa wote. Mpwa wangu mmoja, kijana wa chuo, aliondoka jamvini usiku wa hesabu za 1963 akisema wazee wanatafuta visingizio vya kusameheana mambo yasiyosameheka. Hakurudi kukaa nasi. Sikumlazimisha, pengine ana haki ya kuona kwamba wanaowataka wenzao watulize moyo mara nyingi ni wale ambao hawajapoteza kitu. Binamu zangu wawili wananiita msaliti, na huku Unguja wapo wanaoniona jasusi wa ACT. Mume wangu na mimi tulikuwa na miezi ambayo habari za Zanzibar zikianza redioni mmoja wetu anatoka nje. Na nauli za boti, na siku za likizo nilizozimaliza kwa ajili ya hilo, ni zangu peke yangu.

Kilichonipa moyo wakati ule wa kuitwa majina ni kitu tunachokiona kila siku hata hatukitazami tena. Visiwani kwetu Muibadhi huteremsha mikono katika sala na Mshafii hufunga, na safu ni moja. Ramadhani ikiandama, wengine hufuata mwezi wa hapa na wengine wa Makka, na wakafuturishana. Watu hao hao wanaozikana na kuoana licha ya hitilafu ya ibada, jambo la akhera yao, ndio waliokataa kuzikana kwa kadi ya chama. Kwa hivyo uwezo tunao. Ndiyo maana sharti la kwanza kabisa tuliloliandika, kabla ya hoja yoyote, ni kwamba maziko, hitima, arusi na wagonjwa havimo katika siasa. Anayetaka kubishana nasi anakubali hilo kwanza, na asiyekubali anakaribishwa chakula tu.

Msimu uliopita, walipokuwa wakichambua, walianza jambo jipya: kura ya mapema, ile iliyoanza 2020, ambapo watendaji wa uchaguzi na askari hupiga kura siku moja kabla ya wengine. Kaka anaipinga yote. Mzee anasema askari aliye kazini siku ya uchaguzi naye ni mpiga kura, apige lini? Shangazi, ambaye sasa macho yamemchoka na huchambua kwa kupapasa, aliwataka kila mmoja aeleze hoja ya mwenziwe. Baada ya masaa kaka akasema angeikubali iwapo mawakala wa vyama vyote watakaa na masanduku yale usiku kucha mpaka yafunguliwe, na matokeo ya kila kituo yabandikwe mlangoni. Mzee akasema hilo hata yeye analitaka. Nimeyaandika kwenye daftari, na msimu ujao wamesema wataanzia hapo.